Chenso ya betri inakata mikorosho miwili inakata roho. Nirudi kwenye petroli?

#1 Mkulima Naipanga

Wakuu salaam.

Nina ekari 9 za mikorosho Nachingwea, urithi wa marehemu baba. Mingi ni mikongwe, matawi yameshikana mpaka jua halifiki chini, na ubwiri unga umeifanya nyumba yake. Mwaka huu nimeamua: mingine naipogoa, mingine naikata ibaki kisiki, ichipue, halafu nibebeshe vikonyo vya mbegu bora kama tulivyofundishwa na mabwana shamba waliopita Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo.

Shemeji yangu wa Dar kaniletea chenso (msumeno wa mnyororo) ya betri. Upanga wake (bamba linalozungukwa na mnyororo) ni wa inchi 12, betri mbili, kila moja imeandikwa 88V kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Unabonyeza inawaka, hakuna kuvuta kamba, hakuna moshi. Mkorosho wa kwanza nikashusha matawi manne. Wa pili matawi matatu, betri ya kwanza kimya. Ya pili ikamalizia mkorosho huo, ikagusa tawi la mkorosho wa tatu na kuzima upanga ukiwa ndani ya mti. Nikautoa kwa kabari na shoka. Shambani hakuna umeme, na nyumbani ni kilomita 6.

Jirani yangu ana ya petroli ya zamani, inanguruma toka asubuhi mpaka adhuhuri. Lakini naye wiki iliyopita kamba ilimkatikia mara mbili, na siku nzima akaishia kwa fundi.

Swali langu: tatizo ni hii niliyoletewa, ni mimi, au za betri zote ndivyo zilivyo? Pesa niliyo nayo ni ya kununua moja nzuri, si mbili. Juni tunaanza kupuliza salfa, muda unakwenda.

#2 Mpasuaji wa Liwale

Mkuu, hiyo ni ya kukatia uzio wa michongoma. Mkorosho wa miaka arobaini haukatwi na kitu cha kuchaji kama simu.

Mimi napasua mbao toka 2003. Nimeanzia kwenye STIHL 070, injini yake karibu cc 106, ukiishika mchana kutwa usiku mikono inaendelea kutetemeka kitandani. Sasa natumia 381, cc 72. Hiyo ndogo kwenu ya kupogolea, MS 170, ni cc 30 tu na bado itaifunika hiyo ya betri yako. Tafuta petroli, tembea na kigaloni chako, maisha yaendelee.

#3 Fundi Seli

Naomba niingie hapo kwenye 88V maana hapa Mtwara mjini naletewa hizi karibu kila wiki.

Volti 88 haipo humo. Fungua skrubu nne za chini uhesabu seli. Nyingi nilizofungua zina seli 5 zimeungwa mfululizo. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 za kawaida, ikijaa kabisa 4.2. Zidisha kwa tano: 18 za kawaida, 21 ikiwa imejaa. Basi. Hizo namba kubwa za nje ni rangi tu. Nimeshafungua moja yenye nafasi za seli kumi, tano zina seli na tano ni hewa.

Seli za bei rahisi mara nyingi ni za ampea-saa 1.5. Volti 18 mara 1.5 unapata wati-saa 27. Betri mbili za volti 18 zenye ampea-saa 5 kila moja, zile zinazowekwa pamoja kwenye mashine za mafundi zinazoandikwa 36V, zinakupa wati-saa 180. Yaani mara sita na ushee. Kwa hiyo mkuu #1 usiseme "za betri zote". Wewe hujatumia chenso ya betri bado, umetumia picha yake.

#4 Mtani wa Newala

"Umetumia picha yake" 😂 Fundi umemmaliza kijana wa watu.

#5 Mwalimu Fizikia

Namheshimu #2 kwa uzoefu na #3 kwa kufungua vitu, ila tuweke hesabu mezani, na hesabu haimpi ushindi yeyote moja kwa moja.

Lita moja ya petroli ina nishati kama kilowati-saa 8.9. Injini ndogo ya mipigo miwili inapoteza nyingi kwa joto na moshi. Tuseme moja ya tano ndiyo inafika kwenye mnyororo. Inabaki kama kilowati-saa 1.8. Ligawe hilo kwa wati-saa 180 za Fundi Seli: seti kumi zilizojaa, betri mbili kila seti, kwa lita moja. Chupa moja ya maji ya kunywa ikijazwa petroli, upande wa pili ubebe seti kumi za betri. Hapo ndipo jirani yake #1 anaponguruma mpaka adhuhuri.

Sasa upande wa pili. Injini ya petroli inakula hata ukiwa umesimama unatafakari tawi lipi likatwe. Ya umeme ukiachia kitufe haili kitu. Kupogoa ni kukata sekunde kumi, kuvuta matawi dakika tano, kuangalia juu, kukata tena. Kupasua mbao ni kukata mfululizo. Ndiyo maana mpasuaji na mpogoaji hawawezi kupewa jibu moja.

#6 Mpasuaji wa Liwale

Mwalimu umesema vizuri ila hapo kwenye "kutafakari" umenichekesha. Sisi tunaizima.

#7 Mama Tandahimba

Mimi nina mawazo tofauti na nyie wote. Naipanga mwanangu, mnyororo wako ukikata unatoa nini? Vipande kama chipsi ndogo, au unga kama wa muhogo?

#8 Mkulima Naipanga

Shikamoo mama. Siku ya kwanza ulitoa vipande. Siku ya pili kweli ni unga unga, na inabidi nikandamize. Na niligusa chini mara mbili nikikata kisiki.

#9 Mama Tandahimba

Marahaba. Basi betri yako inakufa kwa ajili ya meno butu. Kugusa mchanga mara moja kunatosha kuua makali yote, na mchanga wetu huu wa uwandani unasugua kama msasa. Mnyororo mkali unajivuta wenyewe ndani ya mti. Butu unaula umeme wote kwa kusugua. Kwenye petroli huoni tofauti haraka kwa sababu injini ina nguvu za kuficha ubovu wako, unaongeza mafuta tu na kulalamika bei ya mafuta inayopangwa na EWURA.

Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na ya petroli, tupa ilikaa mfukoni mwake kama kalamu. Kila akijaza tangi ananoa kidogo, mara mbili tatu kila jino, anasukuma kwenda mbele tu, harudishi. Nunua tupa ya mviringo yenye unene unaolingana na mnyororo wako: kwa minyororo midogo ya upanga wa inchi 12 au 14 mara nyingi ni milimita 4.0, ya kati 4.8, mikubwa 5.2 au 5.5. Ukitumia nene kwenye jino dogo unaliharibu kabisa.

#10 Fundi Seli

Mama #9 heshima yako. Ila wati-saa 27 ni 27 hata mnyororo ukiwa wembe. Atapata labda mikorosho minne badala ya miwili. Bado hatoboi ekari 9.

#11 Doria Kilwa

Nasoma kimya kimya toka juzi, sasa naomba niseme jambo ambalo hamjaligusa.

Niko kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, nisitaje kijiji gani. Mnajua huku Kilwa kuna vijiji vimepata cheti cha FSC (cha kimataifa cha utunzaji bora wa misitu) kwa misitu yao ya asili, Kikole na Kisangi vilitangulia 2009, na mpingo ukiuzwa pesa inaingia kijijini: madarasa, zahanati, visima. Doria yetu tunatembea kwa miguu. Silaha yetu kubwa ni masikio. Chenso ya petroli msituni asubuhi tulivu unaisikia mbali sana, unajua ipo upande gani wa korongo, unapiga simu, mnazunguka.

Sasa hizi za betri zikizoeleka? Mwizi anakata mpingo na mtu aliye nyuma ya kilima hasikii kitu. Nyie mnazungumza uzito na mafuta, mimi naona usingizi wangu unaondoka.

#12 Mpasuaji wa Liwale

#11 ondoa hofu. Mpingo ukikauka mita moja ya ujazo inapita kilo 1,200, ukiutupa majini unazama. Unaua mnyororo mpya kabla hujamaliza gogo. Hakuna mwizi atakayekwenda na betri.

#13 Doria Kilwa

Mzee, anayekuja kuiba haji kupasua mbao. Anakuja kuangusha na kukata vipande viwili vitatu vya kubeba kwa pikipiki. Mpingo wenyewe si mnene kama mkongo. Na pikipiki inayobeba magogo inabeba pia betri nne. Usiniambie niondoe hofu. Mti huo unachukua miaka sabini hadi mia kufikia unene wa kuvunwa.

#14 Mwalimu Fizikia

Hili la #11 ni zito. Sikuwahi kuliwaza. Ila ukimya huo huo ni afya kwa anayekata kihalali. Chenso ya petroli inafika desibeli 100 na zaidi kwenye sikio la mtumiaji, na hakuna ninayemwona Newala akivaa vikinga masikio.

#15 Mpasuaji wa Liwale

Hapo nakubali bila ubishi. Sikio la kulia linalia kama nyenje usiku kucha, miaka sita sasa. Na vidole viwili vinakufa ganzi kukiwa na ubaridi. Vijana vaeni vikinga, hata kama wenzenu wanacheka.

#16 Kijana Ndanda

Jamani mimi naangalia video za Wamarekani, wanalinganisha chenso ya betri na "chenso ya gesi". Sasa sisi watu wa Mtwara na Lindi tuna gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, mbona hakuna mtu wa kutuletea chenso za gesi? Tumekaa juu ya gesi tunanunua petroli kwenye chupa?

#17 Mtani wa Newala

Ndanda 😂😂 Wamarekani petroli ndiyo wanaiita hivyo. Ile unayoiona ni petroli na oili kama ya Mzee wa Liwale.

#18 Kijana Ndanda

Ahaa. Nimeelewa. Basi na ile mitungi niliyokuwa nahesabu nipunguze.

#19 Bwana Mchanganyiko

Kwa anayetaka petroli: sababu kubwa ya mashine kufa huku kwetu ni mchanganyiko mbovu. Uwiano ni 1 kwa 50. Lita 5 za petroli weka mililita 50 za oili ya 2T, tikisa, tumia.

#20 Mama Tandahimba

Wee! Hapana. 1 kwa 50 katika lita 5 ni mililita 100. Lita 5 ni mililita 5,000, gawa kwa 50. Ukiweka 50 umeweka 1 kwa 100, pistoni inagandana na silinda. Kwa oili ya 2T ya kawaida isiyo maalumu kwa mashine hizi watu huweka 1 kwa 25, yaani 200. Wadogo zangu msinakili #19.

#21 Bwana Mchanganyiko

Nimekosea, asante mama. Nilifikiria lita mbili na nusu. Mimi mwenyewe naweka kwa kizibo cha chupa ya oili, sipimi kwa namba.

#22 Fundi wa Masasi

Habari za leo. Mimi natengeneza hizi za petroli, kwa hiyo mtanisamehe nikiwatetea wateja wangu.

Mashine kumi zinazofika kwangu, chache sana zimekufa kwa ubovu wa kiwandani. Ninayoyaona ni haya: petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara yenye maji au mafuta ya taa ndani, mchanganyiko uliokaa toka msimu uliopita ukaacha gundi kwenye kabureta (ukishachanganya jitahidi uishe ndani ya mwezi), kichujio cha hewa kimejaa unga wa mbao kama blanketi, na mtu kuendesha bila oili ya mnyororo mpaka upanga unabadilika rangi kuwa bluu. Kamba iliyokatika kwa jirani wa #1 ni kitu cha nusu saa. Alikaa siku nzima kwa sababu fundi alikuwa na foleni.

Jambo la kuangalia kabla hujanunua chochote: vipuri. Ya petroli, plagi, kamba, ringi, sproketi, vyote utapata Masasi, hata Nachingwea vingine. Betri yako ikifa baada ya miaka mitatu utaipata wapi yenye mdomo ule ule? Nina tatu hapa kwenye kona, mota nzima kabisa, betri zake hazipatikani tena. Zimekuwa mapambo.

#23 Sola Newala

Fundi #22 hoja ya vipuri ni kweli kwa hizi zisizo na jina. Lakini kuna kampuni ambazo betri moja inaingia kwenye drili, grainda na chenso. Mimi ni fundi seremala, nina Makita za volti 18, betri sita tayari kwa ajili ya drili. Nilinunua mwili wa chenso tu, ile inayotumia betri mbili kwa pamoja. Kwangu hesabu ilikuwa rahisi.

Nachaji kwa sola. Paneli ya wati 100, jua la Newala likiwa kali, seti ya wati-saa 180 inajaa kwa saa mbili na nusu mpaka tatu, kidogo zaidi ukihesabu kinachopotea kwenye inveta. Asubuhi nakata na seti mbili, mchana moja inachaji wakati nakata na ya tatu. Mikorosho saba au nane kwa siku ya kupogoa, si ya kuangusha. Kuangusha nakodi petroli.

Onyo: betri isikae juani wala kwenye boneti ya gari. Ikitoka kazini ikiwa moto usiichaji papo hapo, iweke kivulini ipoe. Chaja nzuri inakataa yenyewe, chaja mbaya inaendelea tu mpaka seli zinavimba.

#24 Mpasuaji wa Liwale

Kwa hiyo mwisho wa siku unakodi petroli 😀

#25 Sola Newala

Mzee nimesema wazi. Kwa kuangusha. Siku mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote mke wangu hanisikii nikiondoka alfajiri.

#26 Msafiri Somanga

Naongeza kisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua zile, barabara ya Dar ilikatika Kilwa, mafuta yakawa shida. Kijijini kwetu minazi na miembe ililala juu ya nyumba. Chenso za petroli zilikuwepo tatu, petroli hakuna. Kijana mmoja wa kampuni ya ujenzi alikuwa na ya betri na jenereta dogo, ndiye aliyetufungulia njia ya zahanati. Jenereta lenyewe lilikuwa na mafuta lita chache tu lakini alizitumia polepole, kuchaji tu.

#27 Mwalimu Fizikia

#26 hapo kuna fumbo zuri. Jenereta linakula petroli, linachaji betri, betri inakata. Kwa hesabu yangu ya #5 alipaswa kupata kazi kidogo kuliko kuweka petroli hiyo hiyo kwenye chenso. Labda tofauti ni ile ya kusimama: minazi iliyolalia nyumba unakata kwa tahadhari, unasimama zaidi ya unavyokata. Au jenereta lilikuwa linaendesha taa za zahanati hata hivyo.

#28 Msafiri Somanga

Taa za zahanati ndiyo, usiku. Mchana sina uhakika. Nilikuwa navuta matawi sikuwa nahesabu.

#29 Muuguzi Ruangwa

Mnajadili nguvu, mafuta, wizi, mbona hakuna aliyetaja mapaja? Samahani nitasema kwa ukali kidogo. Nimeshona paja la kijana wa miaka 22. Upanga ulirushwa nyuma baada ya ncha yake ya juu kugusa tawi jingine asiloliona. Ile robo ya juu ya ncha ndiyo muuaji, iwe petroli iwe betri. Breki ya mnyororo, ule mkono wa mbele ya mkono wako wa kushoto, ifanyie majaribio kila asubuhi. Hii ya #1 ina breki hiyo? Nyingi za bei rahisi hazina kabisa.

Na ya betri ina hatari yake: haivumi ikiwa imesimama. Mtu anaiona imelala, anaigusa mnyororo kutoa tawi lililonasa, kidole kingine kipo kwenye kitufe. Toa betri kwanza. Kila mara. Na watoto wasiikaribie, petroli mtoto hawezi kuvuta kamba, hii anabonyeza tu.

#30 Mkulima Naipanga

Dada #29 nimetoka kuiangalia sasa hivi. Haina breki. Kuna kipande cha plastiki mahali pake, kinacheza tu, hakijaungwa na kitu. Nimepata baridi mwilini. Wiki nzima nimekuwa nikipanda nayo juu ya mti kwa mkono mmoja.

#31 Muuguzi Ruangwa

Ishushe. Usipande nayo tena. Matawi ya juu tumia msumeno wa mkono au wa kijiti kirefu.

#32 Kijana Ndanda

Swali la mgeni: ya betri si haihitaji oili hata kidogo? Maana ndiyo niliyoambiwa dukani.

#33 Fundi wa Masasi

Mota haihitaji. Mnyororo unahitaji ile ile kama ya petroli, kuna tangi lake dogo pembeni. Ndiyo maana #1 nilitaka kumuuliza: tangi hilo umejaza? Mnyororo mkavu unaleta msuguano na betri inaisha haraka, kabla hata ya kusema volti wala ubutu. Na msitumie oili chafu ya pikipiki, ina vipande vya chuma, inaziba tundu la kupitishia.

#34 Mkulima Naipanga

Fundi... sikujua kuna tangi. Nimeliona leo. Ni kavu kama jiwe.

#35 Mtani wa Newala

Hahahaa mkuu, tangi, meno, seli, breki. Bado shemeji tu hatujamchunguza. Msamehe lakini, alikuwa na nia njema.

#36 Mama Tandahimba

Msimcheke. Hakuna aliyezaliwa anajua. Naipanga, jambo jingine la mikorosho yenyewe: unapokata tawi zito anza kwa chini kidogo, kama theluthi, ndipo umalizie kwa juu mbele kidogo ya hapo. Ukikata juu tu, tawi linashuka na ganda mpaka kwenye shina, na kidonda hicho kinaoza. Nimelipa vijana wa kukodi wenye petroli kubwa, wakanimalizia mikorosho 30 kwa siku moja, na 6 ilichanika hadi chini. Walikimbilia kumaliza tangi. Sijui kama mtu mwenye betri angekimbia vile, au ni tabia tu.

#37 Doria Kilwa

Na kabla ya kununua yoyote: mkorosho wako mwenyewe kata. Lakini kama shambani kuna mninga, mkongo, mvule au mpingo umejiotea, usiguse bila kuonana na ofisa misitu. Chenso mpya inaleta tamaa, nimeona wengi wanaanza na mkorosho.

#38 Mpasuaji wa Liwale

Hilo #37 ni kweli kabisa.

Kuna la moto pia. Mnaopogoa sasa nyasi ni mbichi, hamna shida. Lakini Agosti mpaka Oktoba ukiiweka petroli kwenye nyasi kavu, bomba la moshi likiwa moto, unachoma kijiji. Mimi huwa najaza mafuta sehemu iliyofyekwa, nasubiri ipoe, nasogea hatua kadhaa ndipo nawasha. Hapo wa betri mna nafuu, nakiri.

#39 Sola Newala

Mzee wa Liwale amekiri mara mbili kwenye uzi mmoja. Tuuhifadhi.

#40 Mkulima Naipanga

Wakuu mrejesho. Juzi nimeazima tupa ya 4.0, nikanoa kama mama #9 alivyosema, nikajaza oili ya mnyororo. Nimekata nikiwa chini tu, sijapanda. Betri mbili zimefika mikorosho minne na nusu. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi, Fundi #33 alikuwa sahihi, na Fundi Seli naye alitabiri minne. Nimefungua moja: seli tano.

Jumamosi nakwenda Masasi. Nimebaki na njia mbili: petroli ndogo ya cc 30 yenye breki, au niongeze pesa ya korosho msimu ujao nichukue za betri za mafundi na paneli, mwaka huu nikodi. Shemeji anasema atachangia nikichukua ya betri, naona anataka kusafisha jina.

#41 Fundi wa Masasi

Ukifika ulizia karakana nyuma ya stendi. Njoo na huo mnyororo nikuonyeshe kushusha vile vizuizi vilivyo mbele ya meno, ukinoa mara kadhaa bila kuvigusa utaanza kukandamiza.

#42 Fundi Seli

Na mimi ukipita Mtwara nitakununulia huo mwili. Mota yake inafaa kwa kitu kingine.

#43 Muuguzi Ruangwa

Usiuze kwa mtu atakayeitumia kukata miti. Fundi Seli niahidi utaing'oa mota.

#44 Fundi Seli

Naahidi. Ni kwa ajili ya mashine ya kubangulia korosho, niko kwenye majaribio.

#45 Mama Tandahimba

Mashine ya kubangua? Hebu fungua uzi wako huko utueleze. Ile mafuta ya ganda imenichubua vidole miaka yote hii.